Kilima cha Salaita na Kaburi Lisilo na Jiwe



Mama yangu mzazi amevuka miaka themanini, na kwa muda mrefu amekuwa akinidai safari moja. Si safari ya Hija. Hiyo Mwenyezi Mungu alikwisha kumruzuku. Alinidai safari ya Taveta. Kila ulipoandama mwezi wa Mfungo Mosi aliniambia, "Mwanangu, nenda ukanisalimie babu yangu," nami nikimjibu, "Inshaallah, mama," kwa ulimi mwepesi wa mtu aliyezoea kuahirisha. Mwaka huu aliugua, akapona kwa rehema za Mola, na alipoweza kuketi alinitazama bila ya kusema neno. Siku ya pili yake nilikata tikiti mbili za kwenda Voi, yangu na ya binti yangu aliye kidato cha tatu.

Ndugu msomaji, nianze na kisa chenyewe, ndipo safari ifahamike.

Babu yake mama alikuwa mchukuzi wa mizigo katika bandari ya Mombasa Kale. Mwaka 1915 alichukuliwa kuwa mpagazi wa jeshi la Waingereza, waliokuwa wakipigana na Wajerumani upande wa Taveta. Alimwacha mkewe na mtoto mchanga wa kiume, ambaye ndiye aliyekuja kuwa baba yake mama. Tangu alipoondoka haikuja barua wala salamu. Mkewe akangoja. Kila jioni ya Ramadhani alimwekea mumewe sahani yake na kuifunika kwa kawa. Akialikwa arusini alikwenda, akavaa na kujipamba kama wanawake wenzake, kwani mumewe ni hai mpaka ithibitike vinginevyo, na mke hakai eda ya mume aliye hai.

Vita vilipokwisha walirudi wenzake wawili, wamekonda hata hawakutambulikana upesi. Wakamwendea yule mama, wakampa habari. Mumewe alifariki mwanzoni mwa mwaka 1916, siku chache kabla ya mapigano ya Salaita. Hakufa kwa risasi. Alikufa kwa kuhara damu, katika kambi ya Mbuyuni. Kazi yake ilikuwa kuchukua maji ya askari. Maji yenyewe yalikuwa ya kupimwa, na siku ile hawakupewa ya kumwoshea, basi wakamtayamamisha kwa mchanga, wakamsalia watu sita, wakamzika pembezoni mwa njia, pahala ambapo mtu akielekea machweo ya jua hukiona kilima cha Salaita.

Yule mama akaenda kwa kadhi pamoja na mashahidi wake. Kadhi akaupokea ushahidi, kisha akamweleza hukumu ya sheria: eda ya mjane huhesabiwa tangu siku ya kufa mume, si tangu siku ya kupata habari. Miezi minne na siku kumi ilikwisha kupita zamani. Hana tena eda ya kukaa.

Mama alikisikia kisa hiki kinywani mwa bibi yake mwenyewe. Anasema bibi aliikubali hukumu, kwa sababu ni sheria ya Mwenyezi Mungu na ndani yake mna rehema. Lakini kulikuwa na jambo lililomliza hata uzeeni: kwamba eda yake ilipita naye hana habari, akipika, akicheka arusini, akifunika sahani ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Hakupata kumkalia mumewe hata siku moja. Ndipo akawausia watoto na wajukuu kwamba mmoja wao, atakayejaaliwa, aende akamsalimie. Wasia huo ulikaa miaka mingi bila ya mtu kuutekeleza, nami ni mmoja wa walioukalia.

Tuliondoka Mombasa baada ya sala ya Alfajiri. Gari lilisimama Mackinnon Road, pale penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali, yule mja mwema aliyekuja kutoka Bara Hindi katika siku za kujengwa reli. Wasafiri wakashuka, wenye kusali wakasali, wenye kuomba dua wakaomba. Binti yangu aliniuliza, "Baba, huyu alikuwa mfanyakazi wa reli, na watu bado wanasimama kwa ajili yake. Mbona yule wetu hakuna anayesimama?" Sikuwa na jawabu, nikamwambia, "Ndiyo tunakwenda kusimama."

Kutoka Voi njia huiacha barabara ya Nairobi ikaelekea magharibi, kupitia Mwatate penye mashamba ya mkonge, kisha Bura chini ya milima ya Taita, kisha nyika pana inayopakana na mbuga ya Tsavo. Kando ya njia bado lipo tuta la reli kuukuu. Reli ile haikujengwa kwa ajili ya abiria wala biashara. Waingereza waliianza Voi mwaka 1915 kwa ajili ya vita, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imefika na kupita Maktau. Maji nayo yaliletwa kwa mabomba kutoka vilima vya Bura, kwa kuwa nyika ile ni kavu na jeshi halinywi vumbi. Pale reli na bomba vilipokoma, kichwa na bega la mpagazi ndivyo vilivyoendelea.

Yafaa vijana wetu waelewe sababu ya vita kufika huku. Upande wa pili wa mpaka ilikuwa nchi ya Tanganyika, wakati huo ikitawaliwa na Wajerumani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka Ulaya mwezi wa Agosti 1914, Wajerumani hawakukawia. Mwezi ule ule waliushika mji wa Taveta. Kisha wakakizatiti Salaita, kilima kidogo kilichosimama peke yake mashariki ya mji, kikitawala njia yote inayotoka Voi. Kutoka huko vikosi vyao vidogo vilikuwa vikipenya nyikani kuja kuilipua reli ya Mombasa na Nairobi.

Wenyeji ndio waliobanwa katikati. Huko Kasigau, mwaka 1915, Waingereza waliwatuhumu Wataita wa pale kuwa wamewasaidia Wajerumani, wakawang'oa makwao na kuwahamishia Malindi, na wengi wakafia ugenini. Na upande wetu wa pwani, Wagiriama waliinuka mwaka 1914, na miongoni mwa sababu zao ilikuwa kukataa vijana wao kuchukuliwa kwa kazi za serikali. Vita vilikuwa vya Wazungu, lakini gharama yake ilitozwa kila nyumba.

Tulisimama Maktau. Hapa pana makaburi ya askari wa Kihindi waliokufa katika vita vile, na miongoni mwao wamo Waislamu. Nilitoa salamu ya watu wa makaburini, binti yangu akaitikia amina. Kisha nikamsimulia habari ya kikosi cha Baluchi nambari 130, ambacho wengi wa watu wake walikuwa Waislamu. Mapema mwaka 1915, wakiwa Rangoon, baadhi yao waligoma kutii amri, wakihofia kupelekwa kupigana na Waturuki, walio ndugu zao katika dini. Waasi waliadhibiwa, na kikosi kikaletwa Afrika Mashariki.

Huku nako hawakuikwepa ile hofu yao. Askari wengi weusi waliokuwa katika jeshi la Wajerumani walikuwa Waislamu vilevile: Wasudani, Wamanyema, Waswahili. Sultani wa Uturuki alikuwa ametangaza jihadi mwezi wa Novemba 1914, na Wajerumani, washirika wake, wakaieneza habari hiyo kwa kadiri ilivyowafaa. Kwa hiyo, ndugu zangu, asubuhi ya Salaita kulikuwa na waliosali Alfajiri upande huu wa bonde, na waliosali Alfajiri upande ule, kisha wakalengana bunduki kwa amri ya wasiosali. Mimi si mwenye kuwahukumu. Wengi wao hawakuwa na hiari, na siri ya nyoyo anaijua Aliyeziumba. Lakini mzazi anayemwona mwanawe akishangilia vita asivyovijua asili yake, na amlete hapa.

Salaita tulikifika mchana. Usidhani ni mlima wa kutisha. Ni kilima cha mawe na miba, mtu mzima wa umri wangu hukipanda kwa kupumzika mara mbili tatu. Juu yake upepo hauishi. Upande wa mashariki unaiona nyika yote uliyoipita, na upande wa magharibi, mawingu yakikubali, Kilimanjaro hujitokeza na theluji yake. Ukisimama pale unafahamu mara moja kwa nini majeshi mawili yaligombea kichuguu hiki: hakuna mtu wala mnyama anayeweza kuja Taveta kutoka Voi bila ya kuonekana.

Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walikishambulia. Jenerali Malleson ndiye aliyekabidhiwa kazi hiyo, na waliotangulizwa mbele walikuwa Makaburu na Waingereza wa Afrika Kusini, waliofika karibuni na ambao hawakupata kupigana katika nchi hii. Waliambiwa maadui ni wachache, na kumbe walikuwa zaidi ya elfu moja. Mizinga ikakipiga kilele cha kilima kwa nguvu, ikidhaniwa kwamba mahandaki yako juu. Hayakuwako juu. Wajerumani na askari wao walikuwa wamechimba chini, kwenye miguu ya kilima, ndani ya vichaka, wakingoja kwa utulivu. Waafrika Kusini walipokaribia walimiminiwa risasi, wakarudi nyuma kwa mtafaruku. Zaidi ya mia moja waliuawa, walijeruhiwa au walipotea siku ile.

Waliosimama imara na kuwakinga waliokuwa wakikimbia ni wale Wabaluchi. Inasimuliwa kwamba baadaye waliwarudishia Waafrika Kusini bunduki ya rashasha waliyoiacha uwanjani, pamoja na salamu zao na ombi moja la adabu: kwamba kuanzia sasa wasiwaite tena watu wao makuli. Binti yangu alicheka aliposikia, kisha akanyamaza. Sisi watu wa Mombasa tunalijua neno hilo, na tunajua lilivyotumika kwa baba zetu.

Baada ya hapo akaja Jenerali Smuts na jeshi kubwa zaidi. Tarehe 9 Machi 1916 Salaita kilikutwa kitupu. Wajerumani walikwisha kuondoka kwa hofu ya kuzungukwa. Siku mbili baadaye yakatokea mapigano makali ya usiku katika vilima vya Latema na Reata, upande wa pili wa Taveta, kisha vita vikavuka mpaka na kuelekea kusini, visikome hadi Novemba 1918. Basi kilima kilichoua watu mwezi wa Februari kilichukuliwa mwezi wa Machi bila ya kumwaga damu. Huo ndio uzito wa vilima mbele ya macho ya majemadari.

Kabla ya kushuka tulitazama upande wa Mbuyuni. Mchungaji mmoja mzee aliyekuwa na mbuzi wake pale chini alituonyesha kwa fimbo ilikopita njia ya zamani. Nilimwuliza kama anajua pahala walipozikwa wapagazi. Akatandaza mkono wake taratibu kutoka kusini mpaka kaskazini, nyika yote. "Sheikh," akasema, "hapa usiulize wamezikwa wapi. Uliza hawakuzikwa wapi."

Tukashuka, tukarudi Mbuyuni kwa gari la kuomba. Katika uwazi mmoja kando ya njia, ambapo ukielekea machweo unakiona kilima, tulisimama. Sidai kwamba ndipo. Kibla cha nchi yetu ni kaskazini, tukaelekea huko. Nikamtaja kwa jina lake na jina la baba yake, kama mama alivyoniagiza, nikamtolea salamu ya mjukuu wake, nikasoma Yasin, na binti yangu akamwaga maji kutoka katika chupa yetu juu ya mchanga. Mimi sikumwambia afanye hivyo, wala sikumkataza. Najua maji yale hayamfikii maiti kama inavyomfikia dua na sadaka. Lakini nilikumbuka kwamba huyu aliwabebea wengine maji, akakosa ya kuoshewa, na ulimi wangu ukazuilika.

Taveta tulilala usiku mmoja. Asubuhi tulikwenda kwenye makaburi ya vita. Yamepangwa safu kwa safu, yamefyekwa majani, kila jiwe na jina lake, kikosi chake na tarehe yake. Humo wamo waliouawa Salaita na Latema. Tulisimama kwa heshima, kwani kila aliyelala pale alikuwa na mama. Lakini nilipita safu zote nikitafuta jina la mpagazi mmoja tu, sikuliona.

Hawakuwa wachache. Hesabu ya serikali yenyewe ilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa wakilitumikia jeshi la Waingereza katika vita vya Afrika Mashariki, na wako wanahistoria wanaoona idadi ya kweli ni kubwa sana kuliko hiyo, hata kukaribia 100,000. Wengi hawakuuawa na adui. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na unga usioiva. Mishahara ya wengi wao haikuwafikia jamaa zao. Kilichobakia ni jina la kikosi chao tu, lililotamkwa na ndimi zetu likawa Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, na Kariokor, mtaa wa Nairobi. Watu huenda pale kununua nguo na vikapu, na wachache hukumbuka kwamba wanatamka jina la msiba.

Mwezi wa Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri kosa hili. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Kukiri kosa ni jambo jema. Ila radhi hiyo imekuja baada ya miaka mia moja, na wajane wote wamekwisha kufa.

Tuliporudi Mombasa nilimpitisha binti yangu mbele ya sanamu ya askari, katika barabara ya Jomo Kenyatta. Wengi wetu tunapita hapo kila siku bila ya kuinua macho. Maandishi yake yanaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Binti yangu akaizunguka sanamu akitafuta majina ya wapagazi, kisha akarudi akaniuliza, "Baba, watayakumbukaje, na hayakuandikwa?"

Swali hilo ndilo nililokuja nalo mpaka nyumbani, na ndilo ninalokukabidhi wewe msomaji.

Sisi hatukuamrishwa kujengea makaburi wala kuyapamba. Ukumbusho wetu kwa maiti ni dua, sadaka na kulipa madeni na nyasia zao. Tunajua kisa cha yule aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, ambaye katika baadhi ya mapokezi ametajwa kuwa ni mwanamke mweusi. Alipofariki Masahaba walimzika bila ya kumwarifu Mtume, kana kwamba waliliona jambo lake dogo. Mtume alipomkosa aliuliza, na alipoambiwa hakuridhika. Akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamsalia. Angalia, ewe ndugu yangu: mbora wa viumbe alimkosa mfagiaji, akauliza. Kuuliza huko kuna mafunzo makubwa. Watu wa kazi za chini hawasahauliwi kwa sababu hawana mawe. Husahauliwa kwa sababu hakuna anayeuliza wako wapi.

Katika nyumba yetu aliyeendelea kuuliza hakuwa mwanachuoni wala mwanahistoria. Alikuwa mwanamke mmoja aliyefunika sahani kwa kawa, na baada yake mjukuu wake. Kama si wanawake hao wawili, mimi sheikh mzima nisingejua kwamba nina mtu Mbuyuni.

Basi nawaomba akina mama na binti zetu, na wanaume pia, jambo lisilohitaji nauli. Wiki hii kaeni na mkongwe wa nyumba. Mwulizeni nani aliondoka asirudi: vitani, baharini, Uarabuni au kwengineko. Andikeni jina lake, jina la baba yake, na habari ya mwisho iliyosikika. Na ikiwa katika jamaa yenu yuko mwanamke ambaye mumewe amepotea hivi leo, msimwache angoje peke yake. Mpelekeni kwa kadhi, kwani sheria yetu ina mlango wa mke wa aliyepotea, na kumwacha gizani si subira, ni dhuluma.

Mama alikuwa amekaa kibarazani tulipofika. Hakuuliza habari za mapigano. Aliuliza moja tu: "Kaburi umeliona?"

Nikamwambia kweli. "Sikuliona, mama. Hakuna jiwe. Lakini pahala nimepaona, na salamu nimezifikisha."

Akanyamaza kitambo, kisha akamwita mjukuu wake, akamtaka amsomee alichokiandika katika daftari lake. Binti akasoma jina, jina la baba, kazi yake, mwaka, na pahala. Mama akasema, "Soma tena." Akasoma tena. Kisha mama akajifunika buibui lake, akainua mikono, nasi tukaitikia amina.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia kwa imani, wenye mawe na wasio na mawe, na asitujaalie kuwa wenye kuwasahau. Wabillahi tawfiq.